Grafu shirikishi ndani ya R kwa plotly: kuanzia data mpaka faili la kutuma WhatsApp

Maswali yanayonifikia kuhusu grafu za R yanafanana mno. "Zile grafu ukizigusa zinakutajia namba, zinatengenezwaje?" "Lazima nijue JavaScript?" "Nimemtumia bosi faili, anaona ukurasa mweupe tu. Nimekosea wapi?" Nimeamua kuyajibu yote kwa mpigo. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio wake, mwisho utakuwa na grafu moja iliyokamilika, ambayo mtu anaifungua kwenye simu yake bila kuwa na R wala kujua R ni nini.

JavaScript huhitaji kuijua. Wewe unaandika R, pakeji ya plotly inayageuza maelezo yako, na maktaba ya plotly.js ndiyo inayochora ndani ya kivinjari. Nadharia ya leo imeishia hapo. Akaunti ya mtandaoni pia huihitaji, kazi yote inafanyika kwenye kompyuta yako.

Zipo pakeji nyingine za kazi hii, kama highcharter na echarts4r, na zote ni nzuri. Mwanzoni namshauri mtu aanze na plotly kwa sababu leseni yake, MIT, ni huru hata kwa kazi ya biashara au ya serikali. Highcharts, iliyo nyuma ya highcharter, inadai leseni ya kulipia kwa matumizi hayo, na wengi wanaligundua hilo wakati ripoti imeshachapishwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- R toleo la 4.1 au jipya zaidi, kwa sababu nitatumia alama `|>`. Kama R yako ni ya zamani na huwezi kuibadilisha, weka `%>%` kila unapoiona alama hiyo.
- RStudio. Unaweza kufanya bila hiyo, ila inakuja na Pandoc (programu ya kubadilisha mafaili kutoka aina moja kwenda nyingine) ndani yake, na Pandoc tutaihitaji wakati wa kuhifadhi.
- Bando la kutosha. plotly inavuta pakeji nyingine nyingi nyuma yake. Ukishazipakua, kuchora hakuhitaji intaneti.
- Uwe unajua kufungua skripti, kuendesha mstari kwa Ctrl+Enter, na kusoma jedwali la data kwa `head()`.

Hatua ya 1: Sakinisha pakeji

```r
install.packages(c("plotly", "dplyr", "gapminder"))
```

Mstari huu unaendeshwa mara moja tu. Usiuache ndani ya skripti, la sivyo kila ukiiendesha utapakua upya na kumaliza bando. Kinachobaki kwenye skripti ni hiki:

```r
library(plotly)
library(dplyr)
library(gapminder)
```

Utaona maandishi yanayosema kitu fulani kimekuwa "masked", hasa `filter`. Si kosa. R inakuarifu kwamba jina hilo lipo kwenye pakeji zaidi ya moja na sasa itatumia la pakeji uliyofungua mwisho.

Kwa wanaotumia Ubuntu: usakinishaji ukigoma ukitaja curl au openssl, toka R, fungua tamino (Terminal), andika `sudo apt install libcurl4-openssl-dev libssl-dev`, kisha rudi ujaribu tena.

Hatua ya 2: Andaa data

Tutatumia jedwali la gapminder: nchi 142, kuanzia 1952 hadi 2007, kwa kuruka miaka mitano mitano. Lina wastani wa umri wa kuishi, idadi ya watu na pato kwa kila mtu. Tutachukua nchi sita za ukanda wetu.

```r
majina <- c(
  "Tanzania" = "Tanzania",
  "Kenya"    = "Kenya",
  "Uganda"   = "Uganda",
  "Rwanda"   = "Rwanda",
  "Burundi"  = "Burundi",
  "Congo, Dem. Rep." = "DRC"
)

ukanda <- gapminder |>
  filter(country %in% names(majina)) |>
  mutate(nchi = unname(majina[as.character(country)]))

nrow(ukanda)
```

Jibu liwe 72, yaani nchi 6 mara miaka 12. Ukipata 60, kuna jina moja hujaliandika sawasawa na lilivyo kwenye data. Mara nyingi ni la Kongo, lenye mkato na vitone vyake.

Angalia hapo kwenye `as.character`. Safu ya `country` ni faktori, na ndani yake R inahifadhi namba za mpangilio, si maneno. Ukiiondoa `as.character`, R itatafuta kitu cha 18 au cha 69 kwenye orodha yako yenye vitu sita, na safu yote ya `nchi` itajaa `NA` bila ujumbe wowote wa kosa. Grafu itachorwa, lakini haitakuwa na jina hata la nchi moja.

Hatua ya 3: Chora mifupa

```r
grafu <- plot_ly(
  ukanda,
  x = ~year, y = ~lifeExp, color = ~nchi,
  type = "scatter", mode = "lines+markers"
)
grafu
```

Grafu inatokea upande wa Viewer ndani ya RStudio. Ichezee kidogo kabla ya kuendelea. Bofya jina la nchi kwenye ufunguo (ile orodha ya majina na rangi zake), mstari wake unafichika. Bofya mara mbili kwa haraka, nchi hiyo inabaki peke yake. Ukiburuta kipanya juu ya eneo utalikuza, na ukibofya mara mbili katikati ya grafu kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Kosa linaloongoza kwa wanaoanza liko kwenye alama ya wimbi, `~`. Ukiandika `x = year` bila wimbi, R itakuambia `object 'year' not found`, kwa sababu inatafuta kitu kinachoitwa year nje ya jedwali lako. Wimbi ndilo linaloiambia itazame ndani ya `ukanda`. Rangi moja ya kudumu haihitaji wimbi, safu ya data inalihitaji daima.

Hatua ya 4: Andika mwenyewe kisanduku cha maelezo

Sogeza kipanya mpaka kwenye shimo kubwa la mstari wa Rwanda. Kisanduku kitasema `(1992, 23.599)` na pembeni yake "Rwanda". Wewe uliyeandika msimbo unaelewa. Msomaji wako atajiuliza: 23.599 ya nini?

Hapa ndipo grafu nyingi shirikishi zinapoharibika, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako zaidi kuliko kwenye rangi. Mtu anagusa nukta kwa sababu ana swali. Kisanduku kimjibu kwa lugha yake, kwa sentensi inayoeleweka, na kwa namba isiyo na desimali za kujionyesha.

```r
grafu <- plot_ly(
  ukanda,
  x = ~year, y = ~lifeExp, color = ~nchi,
  colors = c("Tanzania" = "#1b9e77", "Kenya" = "#d95f02",
             "Uganda" = "#9a9a9a", "Rwanda" = "#c2185b",
             "Burundi" = "#bdbdbd", "DRC" = "#7a7a7a"),
  type = "scatter", mode = "lines+markers",
  text = ~paste0(
    "<b>", nchi, "</b>, mwaka ", year,
    "<br>Umri wa kuishi: miaka ", sprintf("%.1f", lifeExp),
    "<br>Idadi ya watu: ", format(pop, big.mark = ",", trim = TRUE)
  ),
  hoverinfo = "text"
)
```

`<br>` inashusha mstari, `<b>` inakoleza. Usisahau `hoverinfo = "text"`, kwani bila hiyo maandishi yako yatatokea yakiwa yamebanana na zile namba za mwanzo.

Kuhusu rangi, nimezipa nchi tatu rangi kali na nyingine kijivu kwa makusudi. Mistari sita yenye rangi sita za kung'aa inamchosha msomaji, hajui aanzie wapi. Chagua unachotaka kukisema, hicho ukipe rangi. Majina ndani ya `colors` lazima yafanane herufi kwa herufi na yaliyomo kwenye safu ya `nchi`.

Hatua ya 5: Kichwa, mihimili na maelezo yasiyongoja kuguswa

Kuna jambo nalisisitiza kwa kila ninayemfundisha: usilifiche jambo kuu ndani ya kisanduku. Wasomaji wengi hawagusi chochote, wanatazama na kupita. Grafu yetu ina mambo mawili ambayo mtu asiyeambiwa atayaelewa vibaya. Kenya ilifika miaka 59.3 mwaka 1987, ikashuka hadi 51.0 mwaka 2002, miaka ambayo UKIMWI uliua watu wengi. Na Rwanda inaonekana kuanguka mwaka 1992, ilhali mauaji ya kimbari yalitokea 1994. Data inaruka kutoka 1992 hadi 1997, mwaka 1994 wenyewe haumo. Msomaji wa Kigali akiona 1992 pasipo maelezo ana haki ya kuitilia shaka grafu yako yote. Basi yaandike juu ya grafu.

```r
grafu <- grafu |>
  layout(
    title = list(
      text = "Umri wa kuishi katika nchi sita,<br>1952 hadi 2007",
      x = 0.05
    ),
    xaxis = list(title = "", fixedrange = TRUE),
    yaxis = list(title = "Miaka", fixedrange = TRUE),
    legend = list(orientation = "h", y = -0.15),
    margin = list(t = 80),
    annotations = list(
      list(x = 1992, y = 23.6, xanchor = "right",
           text = "Rwanda: mauaji ya kimbari, 1994<br>(data ni za kila miaka 5)",
           showarrow = TRUE, ax = -40, ay = 0),
      list(x = 1987, y = 59.3,
           text = "Kenya kabla ya kushuka<br>miaka ya UKIMWI",
           showarrow = TRUE, ax = -60, ay = -30)
    )
  ) |>
  config(displayModeBar = FALSE)

grafu
```

`ax` na `ay` ni umbali wa maandishi kutoka kwenye nukta, kwa pikseli. `ay` hasi inapandisha juu, jambo linalowachanganya wengi. Na kichwa cha grafu hakijikunji chenyewe kikiwa kirefu, kinakatwa tu kwenye skrini ndogo. Ndiyo maana nimeweka `<br>` katikati yake.

Hatua ya 6: Ijaribu kwenye simu kabla hujaisifu

Wengi wa wasomaji wako wako kwenye simu, kwa hiyo hatua hii usiiruke. `fixedrange = TRUE` uliyoiona hapo juu ina kazi kubwa: bila hiyo, mtu akipitisha kidole ili ashuke chini ya ukurasa, grafu inadhani anataka kukuza eneo. Anakwama hapo, grafu imeharibika machoni pake, na hajui jinsi ya kuirudisha. `displayModeBar = FALSE` inaondoa vitufe vya juu ambavyo kwenye simu hufunika kichwa. Ufunguo nimeulaza chini kwa sababu ukikaa kulia unakula nafasi kubwa ya upana.

Kama hujaweza kuipeleka kwenye simu bado, bofya alama ya kufungua kwenye kivinjari iliyoko juu ya Viewer, halafu punguza upana wa dirisha mpaka lilingane na simu. Maandishi yakigongana, fupisha maandishi kwanza kabla ya kupunguza ukubwa wa herufi.

Hatua ya 7: Hifadhi na utume

```r
library(htmlwidgets)

saveWidget(
  partial_bundle(grafu),
  "umri_wa_kuishi.html",
  selfcontained = TRUE,
  title = "Umri wa kuishi"
)
```

`selfcontained = TRUE` inafungasha kila kitu ndani ya faili moja. Ukiweka `FALSE`, R inatengeneza faili pamoja na folda pembeni yake, na ukituma faili peke yake anayepokea ataona ukurasa mweupe. Hilo ndilo jibu la swali la bosi.

`partial_bundle` ni kwa ajili ya bando la anayepokea. plotly.js nzima ina aina nyingi za grafu ambazo huzitumii, na faili lake linazidi MB 3 hata kama data yako ni mistari sita. Amri hii inachukua sehemu inayohitajika tu, na kwa grafu ya mistari kama yetu faili linashuka hadi takriban MB 1. Inahitaji intaneti wakati unahifadhi. Ukiwa huna, iondoe, faili litakuwa zito lakini litafanya kazi.

Kwenye WhatsApp litume kama dokumenti, si kama picha ya skrini, na umwambie anayepokea alifungue kwa kivinjari.

Onyo zito: namba zote ulizochora, pamoja na kila neno uliloweka kwenye kisanduku, zimo ndani ya faili hilo, na yeyote anaweza kulifungua kwa kihariri cha maandishi akazisoma. Hata mistari ambayo msomaji ameificha kwenye ufunguo bado imo. Kama unashughulikia data za wagonjwa, mishahara au wanafunzi, chora jumla na wastani, kamwe usichore mtu mmojammoja halafu ukatuma.

Hatua ya 8, kwa anayetaka: ifanye itembee

```r
plot_ly(
  gapminder,
  x = ~gdpPercap, y = ~lifeExp,
  size = ~pop, color = ~continent,
  frame = ~year, ids = ~country,
  text = ~country, hoverinfo = "text",
  type = "scatter", mode = "markers"
) |>
  layout(
    xaxis = list(type = "log", title = "Pato kwa kila mtu, dola"),
    yaxis = list(title = "Umri wa kuishi, miaka")
  ) |>
  animation_opts(frame = 800, redraw = FALSE) |>
  animation_slider(currentvalue = list(prefix = "Mwaka: ")) |>
  animation_button(label = "Cheza")
```

`frame` ndiyo inayoleta mwendo. `ids` inahakikisha duara la Uganda linabaki kuwa la Uganda kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Na `type = "log"` usiiondoe: kwenye data hizi Kuwait ya 1957 inazidi dola 113,000 kwa mtu, DRC ya 2002 ni dola 241. Kwa mizani ya kawaida nchi nyingi za Afrika zitajibana ukutani upande wa kushoto na hutaona lolote.

Kama tayari una grafu ya ggplot2

Huna haja ya kuanza upya. `ggplotly()` inaibadilisha:

```r
library(ggplot2)

p <- ggplot(ukanda, aes(year, lifeExp, colour = nchi, group = nchi,
       text = paste0(nchi, ": ", sprintf("%.1f", lifeExp)))) +
  geom_line()

ggplotly(p, tooltip = "text")
```

`group = nchi` ni ya lazima. Ukiweka `text` bila `group`, ggplot2 inaona kila nukta kama kundi lake na mistari inatoweka. Njia hii inafaa kwa haraka, lakini mapambo magumu ya ggplot2 hayahamii yote, kwa hiyo grafu unayotaka kuitunza iandike kwa `plot_ly`.

Ikikataa

*Viewer ni nyeupe.* Ifungue kwenye kivinjari. Ikionekana huko, grafu yako ni nzima, dirisha la RStudio ndilo lenye shida: lifunge na ulifungue tena.

*Inadai pandoc wakati wa kuhifadhi.* Unatumia R bila RStudio. Sakinisha Pandoc, au weka `selfcontained = FALSE` na utume faili pamoja na folda yake ndani ya zip moja.

*Mstari unaruka mbele na nyuma kama msumeno.* plotly inaunganisha nukta kwa mpangilio wa jedwali lako. Lipange kwanza: `arrange(nchi, year)`. Kama bado, huenda hujaweka `color` na nchi zote zimeunganishwa kuwa mstari mmoja.

*Onyo la `line.width` linajirudia.* Linatokea ukitumia `size`. Grafu iko sawa, liache.

*Nimeiweka ndani ya `for`, haitokei.* Kwenye skripti andika `print(grafu)`. Kwenye R Markdown zikusanye grafu kwenye orodha, kisha mwishoni `htmltools::tagList(orodha)`.

*Ripoti yangu ni PDF na grafu haichezi.* Haiwezi, PDF haina kivinjari ndani yake. Toa ripoti kwa HTML, au kwa PDF tumia grafu ya kawaida ya ggplot2.

*Inakwama, nina nukta elfu hamsini.* Malizia grafu yako na `|> toWebGL()`. Mara nyingi, hata hivyo, dawa ni kujumlisha data kabla ya kuchora, kwa sababu hakuna atakayegusa nukta elfu hamsini.

*Hakuna lililosaidia hapo.* Unapoomba msaada, weka msimbo mfupi unaotoa kosa hilohilo kwa data ya gapminder, ujumbe wa kosa kamili kama maandishi na si picha ya skrini, na majibu ya `sessionInfo()`. Kwa hayo matatu mtu anaweza kukujibu bila kukuuliza maswali mengine.